Wa Chini Yuko Wapi

Kazi ya kupasua mbao kwa mkono ina mtu wa juu na mtu wa chini, na ukiwakuta jioni njiani huna haja ya kuuliza nani ni nani. Wa juu anatembea ameshika kiuno. Wa chini anatembea kama andazi lililoviringishwa kwenye unga, macho tu ndiyo yanaonekana, nayo mekundu.

Pasikali wa kijiji cha Heru Juu alikuwa wa juu. Reverien alikuwa wa chini. Walipasua pamoja kwenye msitu ulio juu ya Titye tangu mwaka wa sabini na mbili, ule mwaka Warundi walipovuka mpaka kwa makundi, wengine na godoro kichwani, wengine na kuku mmoja, wengine na roho zao tu. Reverien alivuka na mke wake Uwimana, ambaye tumbo lilikuwa limeshamtangulia. Pasikali alimkuta mjini Kasulu, mbele ya duka la Hilali, mnunuzi wa mbao, anakodolea macho msumeno mrefu uliotundikwa ukutani. Wakati huo Pasikali alikuwa hana mwenzake. Yule wa zamani alikuwa amekimbilia ziwani kuvua dagaa, akidai samaki hawamwagi unga machoni. Akamuuliza yule kijana kama anaijua kazi ya mbao. Reverien akasema anaijua sana, ameifanya tangu utotoni.

Hakuwa amewahi hata kuushika msumeno. Siku ya kwanza alisimama ndani ya shimo akaangalia juu, mdomo wazi, amsikilize vizuri bosi wake. Pasikali akavuta, na unga wote wa mninga ukaingia kooni. Alikohoa mpaka mchana. Alipopata sauti, akasema kwao Burundi wanapasua mbao mdomo ukiwa umefungwa, ndiyo maana alisahau. Pasikali alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hakutafuta mtu mwingine.

Gogo linalazwa juu ya shimo, linapigwa mstari kwa uzi uliochovywa kwenye ule unga mweusi wa betri za redio zilizokufa. Wa juu anasimama juu ya gogo, anauona mstari, anauongoza msumeno. Wa chini haoni mstari, haoni mwenzake, haoni kitu. Anavuta tu, na kule kuvuta kwake ndiko kunakokata. Masikioni anajaza pamba, kichwani anavaa kofia pana, na kama kuna jambo haambiwi kwa mdomo. Anaambiwa kwa msumeno. Wa juu akigonga bati la msumeno kwa tupa ya kunolea mara moja, maana yake simama. Akigonga mara mbili, panda juu. Ule mtetemo unashuka mpaka kwenye viganja vya wa chini, hata akiwa usingizini anausikia.

Kisha kulikuwa na mambo mawili ambayo wapasuaji wote wa upande ule waliyashika kama amri za kanisa. La kwanza, mpini wa chini ni wa kuchomoa, umebanwa kwa kabari, na jioni wa chini anauchomoa anakwenda nao kwake. Msumeno unalala kwa wa juu, mpini unalala kwa wa chini. Hivyo hakuna anayeweza kupasua na mtu mwingine kwa siri. Mke anaweza kukuponyoka, lakini mwenzako wa msumeno, mpini ukiwa uvunguni mwako, hana pa kwenda. La pili, wa juu ndiye anayemsafisha wa chini macho. Siyo mke wala mama. Wewe ndiye uliyemmwagia, wewe ndiye unayemwosha.

Kwa hiyo kila jioni Reverien alikaa juu ya kisiki, uso juu, macho yamefumbwa, na Pasikali, na mikono yake ile kama magamba ya mti, akamwosha jicho moja, halafu la pili, polepole kwa pindo la kitambaa. Huo ndio ulikuwa wakati wao wa mazungumzo. Mmoja alisema Kiha, mwingine Kirundi, wakaelewana kila kitu, kila mmoja akimcheka mwenzake kwamba anaongea kama bibi yake.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Kabanga, wakamwita Immakulata. Mke wa Pasikali alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, na mtoto huyu alipoanza kuongea alimpa cheo: Baba wa Juu. Baba yake mzazi akawa Baba wa Chini. Padri mmoja alimuuliza siku moja baba yako yuko wapi, mtoto akamjibu anao wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Padri akafurahi sana kwa nusu ya jibu, nusu nyingine ikampa mashaka. Uwimana alilisimulia hilo mpaka kijiji kizima kikalijua.

Kuna safari moja walishusha mbao Kasulu kwa Hilali, wakakuta gari la sinema la serikali limekuja. Walitundika shuka jeupe, watu wakajaa uwanjani. Ilikuwa mambo ya kilimo cha mahindi kwanza, halafu wakaonyesha nchi ya mbali yenye milima na ukungu, na helikopta. Lile dude likashuka likaninginiza mnyororo, likanyanyua gogo zima, kubwa kama miti mitatu ya kwetu iliyoungana, likaruka nalo angani kama kunguru aliyeiba kipande cha muhogo. Uwanja mzima ukaguna. Pasikali alisahau kufunga mdomo. Alikuwa anawaza mininga yote iliyoko kwenye mabonde asikoweza kufika, inapaa mmoja mmoja mpaka dukani kwa Hilali.

Njia nzima ya kurudi alizungumza helikopta. Reverien akauliza, "Na wa chini yuko wapi?"

"Wa chini gani? Lile halina wa chini. Ni mashine."

"Alikuwepo," Reverien alisema. "Yule aliyefunga mnyororo. Gogo lilipopaa yeye alibaki palepale kwenye visiki, anaangalia juu, ameshika kofia. Hukumwona?"

Pasikali hakumwona. Alikuwa anaangalia gogo. Reverien akacheka, akasema ndiyo kawaida ya watu wa juu, na maneno hayo yakawa mzaha wao. Chumvi ikikosekana kwenye maharage, mmoja atauliza: na wa chini yuko wapi?

Ikaja ile habari ya mwaka wa sabini na nane. Kwamba Warundi wanaoishi vijijini kwa ndugu na marafiki hawataishi hivyo tena; watapelekwa wote kwenye makazi mapya upande wa Mpanda, huko porini, watapewa mashamba. Watakwenda kwa malori, kijiji baada ya kijiji. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Katibu kata mwenyewe alipolitangaza alikuwa anaangalia viatu vyake.

Usiku huo Reverien hakuleta mzaha. Kesho yake, wakati wa kuoshwa macho, wakapanga. Mtu wa Heru Juu na mtu wa Burundi ukiwasimamisha pamoja, hata mama zao watababaika. Uwimana na mtoto wangekwenda Heru Juu kwa mama yake Pasikali, wakae kama watu wa ukoo. Reverien angebaki msituni. Gari likisikika, angelala shimoni, kwenye kona ya giza, Pasikali angemwegemezea gamba la gogo na kumfunika kwa unga wa mbao. Nani ataingia kule kumtafuta? Shimo la mpasua mbao hata mbwa anapita mbali.

Kilichobaki kilikuwa kumchukua Uwimana. Hiyo ilikuwa kazi ya Pasikali, maana yeye ndiye angeweza kutembea na mke wa mtu njia nzima na akisalimiwa akajibu bila lafudhi. Lakini juu ya shimo kulikuwa na gogo la mninga, zuri, jekundu kama nyama, na Hilali alikuwa analisubiri. Watu wa sokoni walisema malori bado, mpaka mavuno yaishe. Reverien alimkumbusha mara moja. Pasikali akasema tumalize gogo hili kwanza, Jumamosi ninakwenda.

Malori yakaja Alhamisi.

Walisikia gari likipanda kwa shida, gia ya kwanza. Wakafanya kama walivyopanga. Reverien akachutama kwenye kona, pamba zikiwa bado masikioni, Pasikali akamwegemezea gamba, akamwaga unga debe zima juu yake, akapanda gogoni. Msumeno ulikuwa umekwama katikati ya mkato, umesimama wima, mpini wa chini ukiwa bado umebanwa kule chini. Akatoa tupa akaanza kunoa meno yaliyokuwa juu, kama mtu aliye peke yake.

Ilikuwa Landrover. Aliteremka bwana mmoja mnene, mpole, anajifuta jasho kwa leso. Alisalimia vizuri, akapiga makofi ya salamu ya kwetu, pole pole, mpaka mwisho, ingawa alionekana mtu wa mbali. Aliusifu mninga. Halafu akautazama msumeno, akatazama mpini wa juu, akatazama shimo.

"Wa chini yuko wapi, ndugu yangu?"

Pasikali akaigeuza tupa upande wa pili. Akasema mwenzake amekwenda Kibondo, kwenye msiba, hajui atarudi lini.

Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Akasema, "Nisikilize. Mkewe na mtoto tumeshawapakia. Wako kwenye lori pale barabarani. Mama amelia sana, ndiye aliyetuelekeza huku, anasema mumewe yupo hapa. Nimemwambia dereva asubiri. Kama yuko karibu, mwite aje wapande pamoja. Mimi sipendi kutenganisha watu."

Faida ya kuwa juu ni kuona. Pasikali aliinua macho, na kati ya miti, chini kule kwenye barabara nyekundu, akaliona lori. Watu wamesimama ndani wamebanana, magodoro, mitungi, mbuzi. Na kwenye ubao wa pembeni kuna mtu amenyanyua mtoto begani. Yule mtoto alikuwa anapunga mkono. Alikuwa amemwona Baba wa Juu amesimama kwenye gogo, kama anavyomwona siku zote, na alikuwa anampungia kwa mkono mzima.

Tupa ilikuwa mkononi. Bati la msumeno lilikuwa hapo hapo, linamgusa goti. Kulikuwa na kazi ya kugonga mara mbili tu.

Aliwaza mambo mengi kwa muda mfupi, na yote yalikuwa na sura ya akili. Kwamba Uwimana ni mwanamke shupavu, atateremka Kasulu ajifiche kwa Hilali. Kwamba yeye Pasikali atakwenda kumchukua kesho. Kwamba Mpanda si mbinguni, watu wanarudi. Chini ya mawazo hayo yote kulikuwa na moja ambalo hakutaka kulitazama: kwamba akigonga, jioni hii hakutakuwa na mtu kwenye kisiki. Kwamba atarudi Heru Juu na msumeno begani, alale, na kesho asiwe na pa kuupeleka.

"Hayupo," alisema. "Ningekuwa naye ningekwambia."

Yule bwana akakunja leso yake. Halafu akasema basi, akifika mwambie, hakutakuwa na gari lingine kupita huku. Lakini malori leo yanalala Kasulu, uwanja wa mpira, yanaondoka asubuhi. Akashikana naye mkono, akashuka. Landrover ikateremka. Lori likanguruma. Pasikali aliendelea kunoa jino moja lile lile mpaka vumbi lote barabarani lilipotua, na lile jino likawa fupi kuliko mengine.

Ndipo akagonga. Mara mbili.

Reverien alitoka chini ya unga kama mtu anayefufuka, anacheka. Alikuwa na hadithi. Alibanwa na chafya, alisema, akaiuma kama mtu anavyouma ulimi, ikatokea masikioni, pamba nusura ziruke. Na mchwa mmoja alimtembelea mgongoni, akasimama katikati kama anayetafuta kiwanja cha kujenga. Wamekwenda? Walikuwa wangapi? Akajipapasa mpaka kwenye kisiki, akakaa, uso juu, macho yamefumbwa.

Pasikali akachota maji kwenye kibuyu. Akamwosha jicho la kulia. Reverien anasimulia bado habari za mchwa.

"Uwimana wamemchukua," Pasikali alisema. "Na mtoto. Leo wanalala Kasulu. Lori lilisimama pale chini. Lilikusubiri."

Mchwa akaishia hapo. Reverien hakufumbua macho, hata lile lililokwisha kuoshwa. Alikaa vile vile, uso juu, maji yanamtiririka shavuni, na Pasikali akashindwa kujua yapi ni ya kibuyu.

Akauliza, kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza:

"Uligonga, sivyo? Uligonga, mimi ndiye sikusikia."

Alikuwa anampa mlango. Pasikali aliuona mlango ule, ulikuwa wazi kabisa, na kazi ilikuwa kupita tu. Wakati ule mwenzake hakuwa ameushika mpini. Angeweza kweli asisikie. Wangelia wote wawili, wangelaumu pamba, na urafiki ungebaki.

"Sikugonga," alisema.

Reverien akafumbua macho. Jicho moja safi, jingine limejaa unga, akamtazama nayo yote mawili. Pasikali akanyoosha kitambaa amalizie la pili. Reverien akakishika kile kitambaa, akakitoa mkononi mwake bila nguvu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akajifuta mwenyewe. Akashuka shimoni. Zikasikika kabari zikigongwa. Akapanda na mpini wake mkononi, kama jioni zote, akaanza kuteremka kwenda barabarani.

Pasikali alimfuata. Hakuitwa, hakufukuzwa. Walitembea mchana wote, jioni yote na usiku wote, mmoja mbele, mmoja nyuma, na walipokutana na watu aliyesalimia alikuwa Pasikali. Mahali fulani alisema, kwa mgongo wa mwenzake, kwamba alidhani angeweza kumchukua Uwimana Jumamosi. Mgongo ukazidi kwenda. Mahali pengine mvua ndogo iliwapiga isiyo ya msimu, na Reverien akamsubiri chini ya mti mpaka alipofika, kisha akaendelea. Pasikali aliikumbuka subira ile baadaye zaidi ya yote, maana hakujua ilikuwa huruma au mazoea.

Walipofika Kasulu kulikuwa kunapambazuka. Uwanja wa mpira ulikuwa mtupu. Kulikuwa na majivu ya moto sehemu nyingi, maganda ya ndizi, kinyesi cha mbuzi, na alama za magurudumu zikitoka kwenye goli kama timu iliyokwisha kushinda ikaenda zake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia akasema yameondoka kabla ya adhana. Wamewahi kwa sababu ya jua, kuna watoto.

Reverien alizunguka majivu yale, moja baada ya jingine. Akachutama kwenye moja akaweka kiganja juu. Lilikuwa bado na joto. Hakuna aliyejua kama lilikuwa lao.

Hilali alifungua duka akawakuta wamekaa kwenye ngazi, mmoja huku, mmoja kule. Mzee wa watu alitoka Bagamoyo akazeekea Kasulu, alijua kusoma nyuso kuliko hesabu. Hakuuliza mbao. Akaleta chai na mkate, akamtuma mtu kwa dereva wa lori linalofuata chumvi Uvinza. Kutoka Uvinza, alisema, Mungu atatoa njia, hiyo ndiyo barabara ya Mpanda.

Lori la chumvi lilipokuja, Reverien alipanda nyuma juu ya magunia matupu. Pasikali alisimama chini. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka yote ile, yeye kuwa chini na mwenzake juu, na alijikuta anainua uso na kufumba macho kidogo, kwa sababu ya jua.

"Mwambie Immakulata nilimwona," alisema. "Mwambie nilimwona akinipungia."

Reverien alimtazama muda. Midomo ilitikisika kama mtu anayetafuta mzaha mfukoni akakuta mfuko umetoboka.

"Urabeho," alisema. Kwa Kirundi na kwa Kiha ni neno moja. Ni la kumwambia mtu unayemwacha kwa muda mrefu.

Lori likaondoka, na mpini uko magotini pake.

Jambo hilo ndilo lililomsumbua Pasikali miezi yote. Kama ni hasira, angeutupa njiani. Kama ni kusamehe, angemwachia. Wa chini anaondoka na mpini wake jioni kwa sababu kesho anarudi. Lakini pia anaondoka nao ili wa juu asipasue na mwingine. Aliugeuza ule mpini kichwani usiku na mchana, hakupata upande wake wa kushikia. Dereva wa chumvi alisema alimteremsha Uvinza akiwa mzima. Kiangazi kilichofuata mtu mmoja aliyetoka Mpanda alisema ndiyo, kule kwenye makazi yuko mtu anaitwa Reverien. Halafu akaongeza kwamba wako wengi, kama vile akina Hamis wa Kasulu. Yupi, mrefu au mfupi? Pasikali akasema wa kadiri, anayecheka. Yule mtu akafikiri sana. Wanaocheka, akasema, hakuwaona.

Lile gogo la mninga lilikaa juu ya shimo na mkato wake nusu mpaka likapasuka kwa jua. Mwisho mama yake alimwambia watu hawali majonzi. Akachonga mpini mpya. Akampata Stanislaus, kijana wa Titye, mwenye mikono mizuri, mtaratibu, ambaye kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa mtu mwingine. Anajua kufunga mdomo akiwa shimoni. Jioni Pasikali anamwosha macho, yote mawili, bila mazungumzo.

Stanislaus ana lalamiko moja, nalo hulisimulia kilabuni watu wakacheka. Anasema mzee yule ni fundi, lakini kuna kitu kimemlegea kichwani. Mnapasua vizuri, msumeno unakwenda, mara unasikia kwenye viganja: mara mbili. Unaacha kazi, unapanda, umejaa unga, unafikiri labda kuna nyoka, labda wageni. Unamkuta amesimama juu ya gogo na tupa mkononi, anaangalia barabarani. Unamuuliza, mzee, kuna nini? Anakutazama kama anashangaa kwamba ni wewe uliyetoka.

"Hakuna kitu," anasema. "Shuka tu, mwanangu. Shuka tuendelee."